Barua ya wazi kwa Kamati ya Uteuzi wa Vitabu na Filamu za Uongozi: Turudishieni wale watatu

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Uteuzi wa Vitabu na Filamu,
Mpango wa Uongozi na Tabia kwa Vijana.

YAH: VIONGOZI WALIOOSHWA MPAKA WAKAPAUKA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mmoja wa wawezeshaji wenu. Kwa miaka 11 nimekaa na vijana kila Jumamosi: wiki hii tunasoma maisha ya kiongozi fulani, wiki inayofuata tunatazama filamu yake, halafu tunabishana mpaka mlinzi anakuja kuzima taa.

Nimewaandikia mara tatu. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba maoni yangu yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Ya tatu niliifuatilia kwa simu, nikaambiwa mchakato unaendelea. Kweli uliendelea, maana orodha mpya imetoka, na ni mbaya kuliko ile niliyoilalamikia. Vitabu vinene vyenye barua na shajara vimeondolewa. Vimeletwa vijitabu vyembamba vyenye picha za kung'aa, na filamu fupi ambazo ndani yake hakuna kiongozi aliyewahi kukosea. Kwa kuwa mlango wa ofisi umeshindikana, naomba mniwie radhi nikisemea barazani.

Nianze na Jumamosi iliyonifikisha hapa. Tulikuwa tumemaliza kutazama filamu fupi kuhusu Ernest Shackleton, aliyeongoza msafara wa kulivuka bara la barafu la Antaktika, iliyoandaliwa kwa ajili ya mpango wenu. Kisa chenyewe mnakijua. Meli yake, Endurance, ilinaswa na barafu ya Antaktika Januari 1915, ikazama Novemba mwaka huohuo. Watu 28 waliishi juu ya barafu, kisha wakafika kisiwani kwa mashua. Kutoka pale Shackleton na wenzake watano walivuka bahari kwa mashua moja ndogo kwenda kutafuta msaada, na tarehe 30 Agosti 1916 wale 22 waliobaki kisiwani walichukuliwa wote wakiwa hai. Muziki ukapanda, na kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba kiongozi huyu hakupoteza hata mtu mmoja.

Vijana wakapiga makofi. Binti mmoja ambaye kwa kawaida hukaa nyuma kabisa na hasemi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na wale watatu?"

Alikuwa amesoma zaidi ya tulichompa. Upande wa pili wa bara lile kulikuwa na kundi jingine la msafara huohuo, lililopewa kazi ya kuweka akiba za chakula njiani ili Shackleton akivuka bara azikute. Mei 1915 dhoruba iliing'oa meli yao, Aurora, ikaondoka nayo, na watu 10 wakabaki nchi kavu na vifaa pungufu. Akiba waliziweka hivyohivyo. Arnold Spencer-Smith alikufa Machi 1916, mwili umeliwa na kiseyeye. Mei mwaka huo Aeneas Mackintosh na Victor Hayward walikanyaga barafu changa ya bahari, na hawakuonekana tena. Walikuwa wamemwekea chakula mtu ambaye meli yake ilishazama na ambaye hangepita njia ile kamwe.

Nilikosa jibu la kumpa binti yule. Na kinachoniuma ni kwamba Shackleton mwenyewe hakuwaficha. Alikwenda na Aurora kuwachukua wale saba waliobaki, akawafikia Januari 1917. Kitabu chake cha 1919 kinasimulia habari za kundi lile kwa kirefu, na kwenye tabaruku anawataja wenzake walioanguka kule kusini. Kiongozi aliwakumbuka watu wake. Sisi tunaomsifu ndio tuliowafuta.

Sasa naweka malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Mnaficha makosa, na kwa kuyaficha mnaficha uongozi wenyewe.

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Methali hiyo inafaa kwa mambo ya nyumbani. Kwa kitabu cha historia haifai, kwa sababu anayepita safari hii ni mtoto wetu, naye amekuja makusudi kutazama kilichomo ndani ya kombe. Tazameni mambo yanayotoka kwenye vijitabu vyenu. Katika habari za Shackleton ameondolewa Harry McNish, fundi seremala. Alimpinga bosi wake waziwazi juu ya barafu. Baadaye ndiye aliyeiinua na kuifunika mashua ile ndogo mpaka ikamudu mawimbi, na bado alinyimwa nishani waliyopewa wenzake wengi. Hapo pana swali la uongozi linaloweza kuwaweka vijana 20 kitini saa mbili: je, mtu aliyekukaidi mchana na kukuokoa usiku unamlipaje? Ninyi mmelitoa, mkaacha picha ya pengwini.

Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya watu wakuu miaka 1,900 hivi iliyopita, alieleza mwanzoni mwa habari za Alexander kwamba yeye haandiki historia bali maisha, na kwamba neno dogo au mzaha huonyesha tabia ya mtu kuliko vita vyenye maelfu ya maiti. Yeye huyohuyo aliwaingiza Demetrius na Antony makusudi kabisa wawe mifano ya watu walioharibikiwa, kwa hoja kwamba anayesoma maisha mabaya atayapenda zaidi yale mema. Hata Mwalimu Nyerere, alipoamua kuifasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare iliyotoka kwetu mwaka 1963, hakuchagua hadithi ya malaika. Alimchagua Julius Caesar, na ndani yake Brutus, mtu mwadilifu anayeua kwa nia njema na kuitumbukiza nchi katika vita. Kiongozi wa taifa changa aliona wananchi wake wanaweza kuubeba mzigo huo. Kamati yenu inaona kijana wa miaka 17 hawezi.

2. Mnatulisha maneno ambayo hayakusemwa.

Hapa nianze kwa kujishtaki. Miaka minne iliyopita, kwa mkono wangu na kwa rangi ya buluu, niliandika ukutani maneno kutoka kijitabu chenu, yale yanayosema kwamba hofu yetu kubwa si udhaifu wetu bali nguvu tulizo nazo. Chini nikaandika: Nelson Mandela, hotuba ya kuapishwa, 1994. Kijana mmoja akaichapa hotuba yote ya tarehe 10 Mei 1994, akaja nayo, akaisoma mbele yetu akishuka na rula mstari kwa mstari. Alipofika mwisho akaniangalia. Maneno yale hayamo. Ni ya Marianne Williamson, mwandishi wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992. Nilipaka rangi nyeupe juu yake. Jua la jioni likipiga ukuta ule, herufi za buluu bado zinasomeka.

Orodha yenu imejaa mambo ya namna hii. Tangazo la gazetini ambalo eti Shackleton alilitoa, kuwaita watu kwenye safari ya hatari na ujira mdogo: wametafuta wataalamu na wapenzi wa historia kwa miaka mingi, na gazeti lenyewe halijapatikana. Sentensi ya Gandhi ya kuwa badiliko unalotaka kuliona duniani: hakuna maandishi yake wala hotuba yake iliyokutwa na maneno hayo. Na hiki cha George Washington kimenichekesha mpaka nikaona aibu. Kisa cha mtoto aliyekata mti wa cherry akakiri kwa baba yake kwamba hawezi kusema uongo kilitungwa na Mason Weems, kikaingia katika toleo la 1806 la kitabu chake, Washington akiwa kaburini tangu 1799. Tunafundisha ukweli kwa kutumia uongo!

Harriet Tubman naye mmemwongezea. Kijitabu kinasema aliokoa watu 300 kwa safari 19. Hesabu hiyo ilienezwa na Sarah Bradford, aliyeandika habari zake katika karne ya 19. Watafiti waliozipitia kumbukumbu upya wanafika kwenye watu 70 hivi na safari zipatazo 13. Mwanamke aliyetoroka utumwani, kisha akarudi mara 13 kulekule alikotoroka, anahitaji kuongezewa nini? Hicho ni kilemba cha ukoka. Siku kikidondoka mbele ya kijana, ataanza kutilia shaka hata wale 70.

3. Mnamwacha kiongozi peke yake jukwaani.

Sote tumekua na filamu ambazo stelingi hafi, na tena stelingi ni mmoja. Kwa filamu za mapigano sawa. Lakini kijana anayetarajiwa kuongoza kesho akifundishwa kwamba historia ilisukumwa na mtu mmoja mmoja, atasubiri aitwe stelingi, asiwe na habari na wenzake.

Rosa Parks katika filamu yenu ni fundi cherehani aliyechoka, akakataa kusimama ampishe Mzungu kiti kwenye basi, dunia ikabadilika. Hamkusema kwamba alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, pale mjini Montgomery, wala kwamba miezi michache kabla, mwaka uleule wa 1955, alihudhuria mafunzo ya harakati katika shule ya Highlander. Hamkumtaja Claudette Colvin, msichana wa miaka 15 aliyekamatwa kwa kosa hilohilo tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks, na ambaye baadaye alikuwa mmoja wa walalamikaji katika kesi iliyoufuta ubaguzi kwenye mabasi yale. Hamkumtaja Jo Ann Robinson na wenzake waliokesha usiku kucha wakirudufu maelfu ya vipeperushi vya kuitisha mgomo wa kutopanda mabasi. Watu walitembea kwa miguu siku 381. Nilipowasimulia vijana habari za mashine ile ya kurudufu, kijana mmoja fundi wa simu alisema: "Hii sasa naiweza." Kukataa kusimama mbele ya dereva na askari haoni kama anaweza. Kukesha akirudufu karatasi anaweza, nao ni uongozi.

Hata tawasifu ya Mandela, mnayoitaja kwa fahari, ilianza kuandikwa usiku gerezani Robben Island. Wafungwa wenzake Walter Sisulu na Ahmed Kathrada waliipitia, na mfungwa mwingine, Mac Maharaj, akainakili kwa herufi ndogo mno, akatoka nayo alipofunguliwa mwaka 1976. Muswada wenyewe uliofukiwa bustanini ulifukuliwa na wakuu wa gereza, na Mandela, Sisulu na Kathrada wakanyimwa ruhusa ya masomo kwa miaka minne. Kitabu cha mtu mmoja kilikuwa na mikono mingi hivyo. Kwenye muhtasari wenu imebaki mikono miwili.

4. Visanduku vya "Somo".

Kila sura ya vijitabu vyenu inaishia na kisanduku cha njano. Nilivinakili vyote kwenye vikaratasi, nikaondoa majina, nikawaomba vijana waseme kila somo ni la nani. Hakuna aliyepatia zaidi ya vitatu. "Usikate tamaa" ilikuwa ya Shackleton, ya Tubman, ya Lincoln na ya mwanasayansi mmoja. Sina zaidi la kusema kuhusu visanduku.

Waheshimiwa, naujua utetezi wenu, maana vipande vyake nimevisikia kwenye korido.

Mtasema vijana wanahitaji mfano wa kuigwa, na wakioneshwa madoa watavunjika moyo. Nawauliza: kuna mfano gani wa kuigwa kuliko kikaratasi cha Jenerali Eisenhower wa Marekani, katika Vita Kuu ya Pili? Juni 1944, wanajeshi wakisubiri kuvuka kwenda Normandy, aliandika kwa penseli tangazo la kutolewa endapo uvamizi utashindwa. Sentensi moja aliianza kwa kuitaja operesheni tu, kisha akakata, akaandika kwamba ni uamuzi wake yeye wa kushambulia wakati ule na mahali pale. Akamalizia kwamba wanajeshi walitimiza wajibu wao, na lawama kama ipo ni yake peke yake. Hata tarehe aliikosea, akaandika Julai badala ya Juni. Tangazo halikuhitajika, na msaidizi wake ndiye aliyelihifadhi. Kijana akiuona ule mstari uliokatwa, anaiona tabia ya mtu ikifanya kazi kwenye karatasi. Kwenye orodha yenu Eisenhower ana ukurasa mmoja, nao unazungumzia ushindi.

Au Ashoka wa India, aliyeamuru kuchongwa kwenye mwamba kwamba katika vita vyake vya Kalinga watu 100,000 waliuawa na 150,000 walihamishwa kwa nguvu, na kwamba anajuta. Mfalme anachonga majuto yake ili yasomwe na wapita njia! Ila kuna jambo linalowafanya vijana wangu wagombane kila mwaka: kule Kalinga kwenyewe, kwenye miamba ya Dhauli na Jaugada, tangazo hilo halikuchongwa, yaliwekwa mengine mahali pake. Aliona aibu? Aliogopa kutonesha kidonda? Ilikuwa siasa? Sijaona hata mmoja aliyetoka kwenye mjadala huo amevunjika moyo.

Na kuhusu Shackleton, baada ya kuwajua wale watatu, niliuliza nani bado angepanda meli yake. Mikono mingi ilinyooka. Mmoja akasema: "Ningepanda, ila ningeuliza kwanza nani yuko upande wa pili."

Mtasema filamu ni sanaa, si kumbukumbu za mahakama. Nakubali, tena bila kinyongo. Mtunzi anaruhusiwa kubana miezi iwe dakika na kuunganisha watu wawili wakawa mmoja. Lakini kuna mpaka. Filamu ya 2012 kuhusu Lincoln inawaonyesha wabunge wawili wa Connecticut wakipiga kura ya kupinga kufutwa kwa utumwa, Januari 1865. Kumbukumbu za Bunge zinaonyesha wabunge wote wanne wa jimbo hilo waliunga mkono. Mbunge wa Connecticut alilalamika mwaka 2013, na mwandishi wa muswada wa filamu alikiri kwamba alibadilisha. Filamu ile mimi naipenda na nitaendelea kuionyesha. Ninachotaka ni kijana aambiwe, ukurasa mmoja tu, kipi kilitokea na kipi kilitungwa.

Mtasema pia vitabu vinene vinakula bajeti. Kitabu cha Shackleton ni cha mwaka 1919 na mwenyewe alifariki 1922. Hakimiliki yake imekwisha. Plutarch ndiyo usiseme.

Naomba nisieleweke vibaya. Sitetei vile vitabu vya mtindo mwingine, vinavyomchimba kila mtu mkubwa mpaka abaki na kashfa tupu. Navyo ni uvivu uleule uliogeuzwa nje ndani. Mandela hakukaa kifungoni miaka 27 ili sisi tujadili ndoa zake tu.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Kila kitabu na filamu ya orodha iambatanishwe na ukurasa mmoja unaoeleza yaliyothibitishwa, yanayobishaniwa na yaliyobuniwa.

(b) Nukuu yoyote isiyoonyesha ilisemwa wapi, lini na mbele ya nani itolewe, kuanzia kwenye mabango na majalada.

(c) Vitabu vya barua, shajara na tawasifu mlivyoviondoa virudishwe kabla ya muhula ujao. Majina yake yamo katika barua yangu ya pili, kama bado mnayo. Kama mmeipoteza nitaleta nyingine kwa mkono.

(d) Wawezeshaji wawili na vijana wawili waingie kwenye kamati yenu wakiwa na haki ya kupiga kura, si waalikwa wa kunywa chai.

(e) Mwishoni mwa filamu ya Shackleton, yale maandishi ya uongo yatolewe na yawekwe majina matatu. Ni sekunde kumi.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye ndiyo au hapana kwa kila herufi. Wakati tukisubiri, tumeanza kubandika karatasi zetu wenyewe ndani ya majalada, zimeandikwa kwa mkono na vijana, kila moja ikiwa na chanzo chake. Mkitaka zibanduliwe, niandikieni na sababu.

Filamu ile tutaitazama tena Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa tisa alasiri. Viti vitatu vya mbele tumewawekea ninyi. Maandishi yale yatakapotokea, binti wa kiti cha nyuma ameomba asimamishe filamu na ayasome majina: Spencer-Smith, Mackintosh, Hayward.

Wenu katika kazi,

Mwezeshaji, kikundi cha usomaji na filamu

Nakala: Vijana wa kikundi, ambao wameisoma rasimu ya barua hii na kunisahihisha tarehe mbili.